Barua ya wazi kwa wanangu wa lain: chuo kikuu bado kinawahusu

Wanangu wa Nsambya na Naguru hapa Kampala, na lain nyingine zote, yaani kambi za polisi, ninyi askari pamoja na wake na waume zenu,

Salaam. Sare nilishaivua, lakini habari za kambini bado zinanifikia, na hii ya sasa imeninyima usingizi. Nasikia kuna madalali wanaouza vyeti vya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, eti ukishalipa unaingia chuo bila maswali. Msinunue. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, lina kumbukumbu za watahiniwa wake, na siku chuo au mwajiri akiomba uhakiki, jina lako halitaonekana. Wewe unayekamata watu kwa kughushi utapandishwa kizimbani kwa kosa hilohilo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wenu hamkihitaji kabisa cheti hicho.

Uganda ina mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watu wazima. Umri ni miaka 25 kwenda juu. Hakuna anayekudai prinsipo mbili, yaani kufaulu kikamilifu masomo mawili ya S.6, na haijalishi uliacha masomo kwa ajili ya karo, mimba au kazi. Huu si upendeleo wala njia ya panya; ni utaratibu halali, na vituo vya kuufanyia huidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kabla ya kulipa fomu popote, hakikisheni kituo hicho kimo katika orodha ya Baraza.

Karatasi ya kwanza ndiyo inayowatisha watu. Inapima Kiingereza, hesabu za kawaida, mantiki na mambo yanayoendelea nchini na duniani. Unapewa habari uisome na ujibu maswali, unapewa bei ya bidhaa utafute asilimia ya faida. Karatasi ya pili inahusu fani unayotaka kusomea. Sasa nawauliza: konstebo anayekaa kaunta usiku kucha akiandika maelezo ya shahidi, nani alisema nini, saa ngapi, wapi, akiona pale hadithi inapojipinga, huyo hajui kusoma kwa makini? Mama anayeuza chapati getini anapiga hesabu ya unga, mafuta na mkaa kila alfajiri bila kalamu. Uwezo mnao. Mlichopoteza ni mazoea ya kukaa na karatasi huku saa inakwenda, na hayo hurudi kwa kufanya mazoezi. Tafuteni mitihani ya miaka iliyopita. Someni gazeti la Kiingereza kila siku, hata la jana, tena mpaka kurasa za uchumi.

Wenye diploma msihangaike na mtihani huu, kwa sababu diploma yenyewe ni njia ya kuingilia, ila vyuo vingi hutazama umefaulu kwa daraja gani. Na wale mliofika S.6 mkapata prinsipo moja tu, ulizieni ile kozi ya cheti cha maandalizi ya elimu ya juu, nayo iwe imeidhinishwa na Baraza.

Kuhusu kazi na masomo: ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kujiandikisha, na mbaki na nakala. Uhamisho wa ghafla umekatiza wengi masomo, na asiye na barua hana pa kuanzia kujitetea. Chagueni chuo chenye masomo ya jioni, ya wikendi au ya mbali. Makerere ilianza shahada za masomo ya mbali mwaka 1991, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba shahada ya namna hiyo ni ya bandia.

Wanaume, nawaomba kwa dhati: mkeo akitaka kufanya mtihani huu, usimwambie amechelewa. Mshikie mtoto jioni asome.

Mwenye kutaka tufanye mazoezi pamoja aje kwangu Jumamosi baada ya saa tisa, na penseli yake. Nauli isiwazuie walio mbali. Kusanyikeni watano watano hukohuko kwenu, mmoja ashike saa.

Mzee wenu