Barua kwa wauguzi na wakunga vijana wa Dodoma kuhusu tiba ya homoni kwa wanawake wanaokoma hedhi

Wanangu,

Nawaandikia mimi mama yenu, mkunga mstaafu, kwa sababu nasikia mkiwaambia akina mama maneno niliyowaambia mimi zamani, nami nimekwisha kujua kwamba sikuyasema sawasawa.

Mwaka 2006 alinijia mwalimu mmoja kutoka Kongwa, mwenye miaka 49. Ilikuwa Julai, mwezi ambao sisi wa Dodoma hatuvui sweta mpaka jua lipande, lakini yeye alikuwa akijipepea kwa kadi ya kliniki na kola ya gauni lake imelowa jasho. Hedhi ilikuwa imekoma mwaka uliotangulia, na usiku halali. Aliponiuliza kuhusu dawa za homoni, nilimjibu kwa neno moja tu: saratani. Akaikunja kadi yake, akashukuru, akaondoka.

Neno hilo lilitoka katika utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, ambao mwaka 2002 ulisimamisha kabla ya wakati sehemu yake ya vidonge vya homoni za kike mbili, estrojeni na projestini, iliyokuwa na wanawake 16,608, baada ya saratani ya matiti kuonekana kuongezeka. Sisi tulichukua habari ya saratani ya matiti, tukaacha kuuliza wanawake wale walikuwa nani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, nami nikampimia mwalimu wangu kwa kipimo chao. Hata idadi hatukuiuliza: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliougua walikuwa 38 kwa waliomeza dawa na 30 kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Wanane hao siwadharau, lakini si hukumu niliyoitoa pale mezani. Na wale waliokwisha kuondolewa kizazi, waliopewa estrojeni peke yake, hawakuonyesha ongezeko hilo.

Leo wataalamu wanakubali kwamba mwanamke ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, akisumbuliwa na joto na jasho la usiku na hana kizuizi, kwa kawaida faida za tiba hii kwake huzidi hatari zake. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya onyo zito lililowekwa kwenye dawa hizo itaondolewa.

Msikimbilie upande wa pili, lakini. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mwenye ugonjwa wa ini, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, huyo mpelekeni kwa daktari kwanza. Mwenye kizazi asipewe estrojeni bila projestini, kwa kuwa ukuta wa kizazi hunenepa na saratani ya hapo ikafuata. Fundisho hilo la zamani halijabadilika.

Yule mwalimu sasa amevuka miaka 65, na wakati wake mzuri wa kuanza umepita. Atakayekaa kwenye benchi lenu Jumatatu huenda ana miaka 48. Mwulizeni hedhi yake ilikoma lini, kabla hamjamtajia saratani.

Mama yenu,
mkunga mstaafu, Dodoma