Vyuma vya gofu vipimwe kabla ya kumlaumu mchezaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na viongozi wa vilabu vya gofu, makocha na wanaowauzia vijana wetu fimbo za mtumba, kuhusu vyuma, yaani fimbo zenye kichwa cha chuma, visivyolingana na mwili na mpigo wa anayevitumia.

Kwa karibu miaka miwili nilitumia seti ya mtumba ambayo sikujua kwamba ilikuwa imeokotezwa kutoka seti mbili tofauti. Kila niliposafiri kutoka Dodoma kwenda kucheza Morogoro, chuma namba 6 na chuma namba 7 viliupeleka mpira wangu umbali uleule, kiasi cha mita 135, na kila aliyeniona alinishauri nirekebishe mpigo. Nikaurekebisha hadi nikachoka. Siku fundi alipoviweka kwenye kipimo cha pembe, yaani mwinamo wa uso wa chuma, namba 6, kilichokuwa cha toleo la zamani, kilisoma nyuzi 31, na namba 7, cha toleo jipya, kikasoma nyuzi 30. Kati ya chuma kimoja na kinachofuata hutakiwa kuwe na tofauti ya nyuzi 3 au 4, namba kubwa ikiwa na pembe kubwa, ambazo kwa mchezaji wa kawaida ni mita 10 hivi. Namba iliyochongwa chini ya chuma si kipimo, kwa kuwa kila mtengenezaji hujipangia pembe zake: zamani namba 7 ilikuwa na nyuzi 34 au 35, na leo zipo zenye 28.

Wanaoniuma zaidi ni vijana waliojifunza mchezo huku wakibeba mikoba ya wengine na kutumia fimbo walizoachiwa. Kijana mfupi akipiga kwa fimbo ya mtu mrefu, ncha ya chuma huinuka anapougonga mpira, nao, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, huelekea kushoto. Hujizoesha kukunja mwili ili aufidie upotovu huo, na mazoea hayo huchukua miaka kuyatoa. Mpini, yaani ufito mrefu wa fimbo, nao una yake, kwani mwenye mpigo wa taratibu akipewa mpini mgumu kupita kiasi, mpira wake huruka chini na kuishia njiani.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Chora mstari mnene wa wino kwenye mpira, uuweke mpira ili mstari usimame wima na kuelekea uso wa chuma, kisha upige na uangalie alama iliyobaki. Ikisimama wima, chuma kimekaa sawa. Ikilala upande, fundi anaweza kukunja shingo ya chuma, pale kinapoungana na mpini, kwa nyuzi 1 au 2, ingawa vyuma vya kumiminwa vinahitaji uangalifu, kwani huweza kukatika kwa urahisi kuliko vilivyofuliwa kwa kugongwa.

Sisi wa Dodoma tuna la ziada. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mita kadhaa zaidi kuliko Dar es Salaam. Anayepima umbali wa vyuma vyake hapa asiutegemee akishuka pwani.

Ninachoomba ni kila klabu iwe na kipimo kimoja cha pembe na mtu mmoja anayejua kukitumia, na seti zinazotolewa kwa vijana zipimwe kabla hazijagawiwa.

Mchezaji wa ridhaa,
Kisasa, Dodoma.