Asante, dada wa Karura

Dada uliyekaa nami karibu na maporomoko ya maji pale msitu wa Karura, Nairobi, jina lako sikulipata, ila asante sana. Daftarini nilikuwa nimeandika: "Vipepeo wengi wazuri mtoni." Ukaniuliza pole pole: saa ngapi? Jua au mawingu? Mabawa yamekunjwa au yamekunjuliwa? Wanafanya nini hasa? Tukaandika upya: "Vipepeo wa aina ya Papilio demodocus, watano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, jua kali, wametua kwenye tope bichi ukingoni mwa mto, wananyonya."

Ukanieleza kwamba wanaonyonya tope hivyo aghalabu ni madume, wanatafuta chumvi, lakini nisiandike "dume" kama sijahakikisha. Nililoliona likae peke yake, ninalodhani likae pembeni. Hilo limenifaa kuliko yote (na uliniambia kwa heshima, kama mtu na mwenzake).

Sasa hata kiwavi wa kwenye mndimu wetu nyumbani ana ukurasa wake: tarehe, mti, urefu kwa milimita, rangi. Watoto ndio wanaoshika rula. Mungu akuzidishie, dada yangu.