Risala ya wasikilizaji wa masafa mafupi wa Kigoma Ujiji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule uliyetupa ukumbi huu,
Mwenyekiti wa Mtaa, walimu, wazazi na walezi,
Vijana wetu mnaomaliza mafunzo leo,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Tunajua kwamba barua yetu ilipofika ofisini kwako iliibua maswali. Hawa ni watu gani, na hicho wanachokisikiliza usiku ni kitu gani? Ni maswali ya haki, na tumeomba nafasi hii ili tuyajibu hadharani, mbele ya wazazi wa vijana tunaowafundisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wakazi wa Kigoma Ujiji tunaopenda redio ya masafa mafupi, yaani mawimbi ya redio yanayoweza kusafiri maelfu ya kilometa. Tunao mafundi redio wa Mwanga, walimu wa fizikia, mvuvi wa Kibirizi, mama anayeuza mawese sokoni, na mzee wetu aliyewahi kupokea na kutuma alama za Morse, yaani herufi na namba kwa milio mifupi na mirefu, akiwa kazini bandarini. Wengi wetu tulianza kama walivyoanza baba zetu, kwa kutafuta taarifa ya habari ya BBC, ya Sauti ya Ujerumani au ya Sauti ya Amerika kwenye mita bendi. Hapa mwisho wa reli, kwa miaka mingi masafa mafupi ndiyo yaliyotuunganisha na dunia. Kisha idhaa zikaanza kuhamia FM na kwenye simu, moja baada ya nyingine. Masafa yakabaki na nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo tukaanza kusikia mambo ambayo zamani tuliyapita haraka.

Tulichosikia ni sauti ya mtu anayesoma namba. Mara nyingi ni ya mwanamke, haina haraka wala hisia. Inasoma tarakimu tano, inanyamaza kidogo, inasoma tano nyingine. Haitaji jina la kituo, haitoi salamu, haipigi muziki wa kuburudisha. Baada ya dakika kadhaa inakoma na mkwaruzo unarudi. Kesho yake, saa ileile, inaanza tena.

Wasikilizaji duniani huviita vituo vya namba, na inaaminika kwamba mashirika ya ujasusi huvitumia kuwapelekea majasusi wao ujumbe wa siri. Vina historia ndefu. Vilishamiri wakati wa Vita Baridi na havijaisha hadi leo. Mwaka 1993 wapenzi wa redio wa Ulaya waliunda umoja ulioitwa ENIGMA, wakaanza kuvipangia vituo hivyo alama: E kwa vinavyosoma Kiingereza, G kwa Kijerumani, S kwa lugha za Kislavoni kama Kirusi, V kwa lugha nyinginezo, M kwa Morse. Kituo walichokipa alama ya E03 kilianza kila tangazo kwa vipande vya wimbo wa kienyeji wa Uingereza, Lincolnshire Poacher, na jina hilo likakiganda. Sauti yake ilisoma makundi 200 ya tarakimu tano kila kipindi, na tarakimu ya mwisho ya kila kundi ilipandishwa kidogo. Serikali ya Uingereza haikukubali kamwe kwamba kituo ni chake. Lakini watu wa kawaida, wenye antena za kutambua upande sauti inakotoka, waliufuatilia mstari wake hadi kisiwani Cyprus, kwenye kambi ya jeshi la anga la Uingereza ya Akrotiri. Kituo kilinyamaza mwaka 2008. Hakuna aliyewatuma watu wale na hakuna aliyewalipa, ila madaftari yao ndiyo yaliyotupa tunayoyajua leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: je, mnazifungua siri hizo? Jibu letu ni hapana. Hatuzifungui, na hakuna atakayezifungua kwa kusikiliza tu. Tunaomba utuvumilie tueleze sababu, kwa maana hapa ndipo vijana wetu walipojifunza mengi.

Chukua ujumbe ulioandikwa kwa tarakimu, tuseme 47109. Anayetuma ana karatasi yenye tarakimu zilizopatikana kwa bahati nasibu, na anayepokea anayo nakala yake. Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo, yaani ufunguo, unasomeka 85632. Anayetuma anajumlisha tarakimu moja moja, na jumla ikifika kumi au zaidi anaandika tarakimu ya mwisho tu. Nne na nane ni kumi na mbili, anaandika 2. Saba na tano ni kumi na mbili, anaandika 2. Moja na sita ni 7, sifuri na tatu ni 3, tisa na mbili ni kumi na moja, anaandika 1. Kinachosomwa redioni ni 22731. Aliye upande wa pili anatoa zilezile 85632 na kupata 47109, kisha pande zote mbili zinachoma karatasi.

Sasa mimi na wewe tumesikia 22731 hewani. Tukibahatisha kwamba ufunguo ni 10293 tutapata 12548. Tukibahatisha mwingine tutapata namba nyingine, na zote zina haki sawa ya kuwa ujumbe wenyewe. Hakuna kompyuta itakayotuambia ipi ni ya kweli, hata iwe na nguvu kiasi gani. Mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alilithibitisha jambo hili katika kazi aliyoichapisha mwaka 1949: ufunguo ukiwa wa bahati nasibu kwelikweli, ukiwa na urefu sawa na ujumbe, ukitumika mara moja tu na ukibaki siri, ujumbe haufunguki. Masharti hayo yakivunjwa, mambo hubadilika. Wasovieti walirudia kutumia baadhi ya karatasi zao miaka ya 1940, na Wamarekani, katika kazi iliyoitwa Venona, wakasoma sehemu ya jumbe zao.

Hata kesi zilizofika mahakamani zinasema hivyohivyo. Ana Belén Montes alikuwa mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani, na huku akipokea maagizo ya Cuba kupitia redio ya masafa mafupi kama zinazouzwa madukani. Alikamatwa Septemba 2001, akahukumiwa miaka 25. Hakukamatwa kwa sababu mtu alifungua namba zilizokuwa hewani. Wachunguzi walimfikia kwa njia nyingine, wakaingia nyumbani kwake na kunakili kompyuta yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa majasusi wa Cuba waliokamatwa Miami mwaka 1998. Ufunguo ulipatikana majumbani, si hewani. Na sababu ya mashirika ya ujasusi kung'ang'ania redio ya kizamani iko wazi: simu huacha alama kila inapotumika, lakini ni vigumu mno kujua ni redio ipi, katika nyumba ipi, inayosikiliza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ujumbe wenyewe tumeuacha kwa wenyewe. Kazi yetu ni kila kitu kinachouzunguka: saa, masafa, lugha, nguvu ya sauti, hali ya anga. Hayo yako wazi kwa kila mwenye subira, na kwetu ni elimu isiyohitaji maabara ya gharama.

Mfano ni mlio wa kilohezi 4625 unaotoka Urusi, ambao wasikilizaji wameufuata tangu miaka ya karibu na 1980. Ni mlio mzito, mfupi, kama mara 25 kwa dakika, mchana na usiku. Mara chache unakatika na sauti ya mtu inasoma majina na namba kwa Kirusi. Urusi haijawahi kutangaza kazi yake, ingawa wengi wanaofuatilia wanaamini ni mtandao wa jeshi. Hapa Kigoma mchana hatuupati kabisa. Usiku, anga ikikubali, unafika kwa unyonge chini ya mkwaruzo, na vijana huukimbilia kuuandika.

Kwa nini usiku? Vijana wanaohitimu leo wanaweza kukujibu bila kusoma mahali. Mchana, mwanga wa jua unajenga tabaka la chini la ionosfia, ile sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, kilometa 60 hadi 90 juu ya vichwa vyetu, na tabaka hilo hunyonya mawimbi ya masafa ya chini. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi, yanageuzwa na kurudi ardhini maelfu ya kilometa mbali. Binti yetu wa kidato cha tatu aliongeza jambo ambalo sisi wakubwa hatukulifikiria. Kigoma na Dar es Salaam tunatumia saa moja, lakini jua letu linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu dakika 40 baada ya jua la Dar es Salaam kuzama. Akasema basi masafa ya chini lazima yachelewe kufunguka kwetu. Akakaa ufukweni Kibirizi jioni kadhaa na redio ya betri, akiandika dakika ambayo kila kituo kilisikika kwa mara ya kwanza. Daftari lake liko kwenye meza ile pale, na tunakuomba ulifungue mwenyewe.

Daftari lenyewe lina nidhamu yake. Kila kitu kinaandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ili anayesoma Brazili au Japani aelewe. Mtoto wa Kigoma anapaswa kukumbuka kwamba saa 17:00 ya UTC ni saa 20:00 ya Afrika Mashariki, nayo ni saa mbili usiku kwa saa zetu za Kiswahili. Asichokisikia vizuri anaweka nukta, habuni tarakimu. Tukipata mtandao tunalinganisha na redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambayo mtu yeyote anaweza kuisikiliza kwa intaneti, ili tujue kama kituo kimenyamaza kweli au ni anga yetu tu iliyokizuia.

Antena yetu ni waya wa shaba wa mita 20 uliofungwa kati ya nguzo na mwembe, na vipande vya bomba la plastiki vikiuzuia usigusane na mti. Adui yetu mkubwa ni kelele za umeme. Chaja ya bei rahisi ikichomekwa nyumba ya tatu, bendi nzima inajaa mvumo. Taa nyingi za kisasa nazo zina tabia hiyo. Ndiyo maana tunakwenda ufukweni au mlimani, mbali na nyaya.

Na huko ndiko tulikopata taabu nyingine, Mheshimiwa, tunayoieleza kwa heshima. Mkoa wetu unapakana na Burundi na, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Tunaelewa kabisa kwamba mtu aliyekaa gizani na redio, akiandika namba kwenye daftari, anatia shaka. Wenzetu wamewahi kuhojiwa usiku na kuambiwa washushe waya, na mzazi mmoja akamtoa mwanawe kwenye mafunzo kwa hofu. Hatumlaumu yeyote kwa kuwa macho. Tunachosema ni kwamba sisi ni wapokeaji tu, haturushi chochote. Tunajua kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, na mawasiliano ya vyombo vyetu vya usalama na ya watu binafsi hatuyagusi. Mwanakikundi atakayekiuka hilo hana nafasi kwetu.

Tunaomba mambo machache. Kwanza, ofisi yako itutambulishe kwa barua kwa watendaji wa kata na kwa polisi, ili madaftari yetu yakaguliwe wakati wowote, mchana, kwa utaratibu. Sisi wenyewe tutayaleta. Pia tunaomba utusaidie kumwalika afisa wa Mamlaka ya Mawasiliano aje awaeleze vijana njia ya kupata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ile ya wapenda redio wasiofanya biashara, ambayo Tanzania ina alama yake ya kimataifa, 5H. Tungefurahi sana siku moja sauti ya binti wa Kigoma isikike hewani kihalali, ikitaja jina lake na mahali alipo. Na kama kuna chumba cha serikali kisichotumika, kilicho mbali na nyaya za umeme na chenye paa lisilovuja, tutakilinda na kukitunza. Fedha hatuombi leo.

Baada ya risala hii, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vijana watakukabidhi bahasha yenye karatasi ya ufunguo, kisha mmoja wao atakusomea makundi sita ya tarakimu tano, taratibu, kama yasomwavyo redioni. Jedwali la kugeuza namba kuwa herufi limo humohumo. Wamekuandikia ujumbe, nasi wakubwa hatujaambiwa unasemaje. Kalamu iko mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wasikilizaji wa masafa mafupi,
Kigoma Ujiji.