Boliti ya spana 10 sio boliti ya milimita 10

Mhariri, salaam kutoka Ujiji.

Naandika kuhusu kukaza boliti za injini ya pikipiki. Najua wengi wataona ni jambo dogo ila mimi limeniharibia injini ambayo ni kumbukumbu ya marehemu baba, na roho inaniuma mpaka leo.

Mzee alikuwa bwana shamba, akatuachia Honda CG125 aliyoinunua miaka ya 80, ndo ilikuwa inampeleka Manyovu mpaka Kasulu enzi hizo barabara ni vumbi na matope tu. Honda walianza kuzitoa 1976 na walizitengeneza makusudi kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na oili haimwagwi kwa wakati, ndo maana vali zake zinasukumwa na fito, haina cheni ile ya taimingi ya kulegea legea. Mwaka huu nikasema niifanyie ovahoo, nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Kijana aliyepewa kazi ni msikivu kabisa, kitabu cha vipimo cha mzee nilimpa akakisoma, toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) anayo, na kosa likaanzia humo humo kitabuni.

Kwenye vitabu vya Honda kuna jedwali la boliti za kawaida, zile ambazo hazijaandikiwa kipimo chake peke yake. Boliti ya milimita 6 inakazwa nyutoni mita 10 (nyutoni mita ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 inakazwa 22, ya milimita 10 inakazwa 34. Sasa sisi huku boliti tunaiita kwa spana yake, ukisema niletee boliti ya kumi fundi anakuletea ile inayoingia spana namba 10, wakati hiyo uzi wake, yaani sehemu yenye meno, unene ni milimita 6! Inayoingia spana 12 ndo ya milimita 8, na ya spana 14 ndo milimita 10. Kijana kaona 10 kwenye jedwali, mkononi ana spana 10, kaseti toki yake 34. Boliti ya kwanza ikakatikia ndani, ya pili ikatoka na meno yote ya alminiamu, na mlio wa meno kung'oka niliusikia nikiwa nimesimama pale pale.

Simlaumu yule mdogo wangu, alifanya alichoelewa na hakuna aliyewahi kumwambia tofauti. Ninachosema ni kwamba hata huyo ana nafuu, maana gereji nyingi hakuna kipimo cha aina yoyote, kipimo ni mkono wa fundi, anakaza mpaka ikatae afu anaongezea kidogo ili mwenye pikipiki aridhike. Boliti ukiikaza inavutika kidogo sana kama springi, na kule kutaka kurudi ndo kunakobana. Ukiivuta kupita kiasi hairudi tena, imeshachoka, utaiona nzima lakini haibani. Halafu nguvu nyingi unayoweka kwenye spana inaliwa na msuguano, kwenye uzi na chini ya kichwa cha boliti, inayobaki kubana ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo uzi wenye kutu utakusomea namba sahihi huku boliti imelegea, na uzi uliopakwa oili pale ambapo kitabu hakijasema upake utaivuta zaidi ya inavyotakiwa kwa namba ile ile. Brashi ya waya na kitambaa kwanza jamani, ndo spana. Na tundu lisilotokea upande wa pili likaushe, oili ikibaki chini haina pa kwenda na boliti inaweza kupasua kreki kesi, yaani bodi ya injini yenyewe.

Toki spana ni ghali, nakubali. Lakini Kigoma mizani ya kutundika ipo kila mahali, wauza samaki Kibirizi wanayo. Chukua soketi na mkono wake, pima sentimita 25 kutoka katikati ya boliti, weka alama, hapo ndo ndoano ya mizani inakaa. Vuta taratibu, mizani iwe pembe mraba na mkono wa spana usiilaze. Ikisoma kilo 4 umefika nyutoni mita 10, kilo 9 ni 22, kilo 14 ni 34. Mizani yenyewe ihakikishe kwanza kwa maji ya lita 5 kwenye mfuko mwepesi, isome kilo 5. Mimi nimekazia hivyo kava zote mbili na hakuna tone la oili linalotoka. Kitabu cha zamani kikiandika 1.0 au 2.2 usidhani wamekosea kuchapa, hizo ni kilo mita, zidisha kwa 9.8 upate nyutoni mita.

Nati za hedi zina kipimo chake kitabuni, usichukue cha kwenye jedwali. Zikazwe injini ikiwa ya baridi, kwa mkingamo (ukikaza moja unaruka kwenye inayotazamana nayo), kwanza zote kwa mkono, halafu zote nusu ya kipimo, ndo umalizie. Ukimaliza moja moja hedi inakaa upande na gasketi haichukui muda inaanza kupuliza.

Mhariri, nakuomba jedwali hili mlichape kwa herufi kubwa, lile la spana 10, 12 na 14, ili fundi alikate alibandike ukutani. Yangu imeshatobolewa na kuwekwa uzi mpya kwa fundi wa lethi, ila vipuri vyake bado natafuta, kama kuna msomaji Tabora au Kasulu ana CG125 ya zamani imekufa uani kwake naomba asiiuze chuma chakavu kabla hatujaongea.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma