Yah: Malalamiko kuhusu boti ya injini mbili na mafunzo ambayo sikupewa

Kilindoni, Mafia

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilichukua kwenu boti ya faiba ya futi 32, injini mbili za HP 150. Mkataba unasema ndani ya bei kuna mafunzo ya siku tatu: kutia gatini, kurudi kwa injini moja na kuvuka mkondo. Nilichopata ni mzunguko mfupi mbele ya Msasani, bahari shwari, kisha mwalimu wenu akaanza kutazama saa.

Bahari naijua, kwa miaka nimebeba wageni wanaokuja kutazama papa potwe kwa boti ya injini moja. Hii ni kazi nyingine. Kuigeuza palepale, injini moja ikienda mbele na nyingine nyuma, usukani katikati, mtu huonyeshwa akashika mwenyewe. Injini ya kulia ikizima, omo, yaani mbele ya boti, inavutwa kulia, na nahodha anapaswa awe amelizoea hilo kabla halijamkuta kwenye mlango wa bahari wa Kinasi maji yanapotoka Ghuba ya Chole. Mwalimu wenu hakuzima hata moja.

Linaloniudhi zaidi nililiona nilipofungua mfuniko wa tezi, kule nyuma ya boti. Mchoro mlionipa una matangi mawili, na kila injini ina chujio lake la kutenga maji na petroli. Kwenye boti kuna tangi moja, chujio moja, na mpira uliogawanywa mara mbili. Injini ya pili niliilipia ili ya kwanza ikifa nifike nyumbani. Maji yakiingia kwenye mafuta (na huku tunanunua petroli ya madumu) zitazima zote pamoja. Fundi wenu alinijibu kwenye simu, "Mbona zinawaka vizuri tu, mzee." Zinawaka, ndiyo. Sikulalamikia kuwaka.

Nataka tangi la pili na chujio lake vifungwe hapa Kilindoni kwa gharama zenu. Boti siirudishi Dar. Mwalimu naye aje wakati wa bamvua, mkondo ukiwa mkali, akae siku zote tatu.

Msimu wa papa potwe unaanza Oktoba. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, mkataba, mchoro na picha nitavipeleka Tume ya Ushindani. Salio la bei nimelizuia mpaka kazi ikamilike.

Wenu,
Mmiliki wa boti