Barua kwa Mama Neema kuhusu kuuza makatoni kwa viwanda kupitia mitandao ya kijamii

Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita na nimeisoma mara mbili. Nafurahi kwamba mashine ya kukata na kuchapisha makatoni imetulia na kwamba mafundi wako wanne wameizoea. Nasikitika kwamba godauni limejaa mabamba ya karatasi yanayongoja oda ambazo haziji. Umeniuliza kama umwajiri yule kijana anayeahidi kukupatia wafuasi elfu ishirini mitandaoni kwa miezi mitatu. Umeniambia pia kwamba Baba Neema anaona jambo lote ni upotevu wa pesa, kwa maana kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu njia hii nimeipita mwenyewe na sitaki ulipe gharama niliyolipa mimi.

Usimwajiri kijana huyo kwa kazi hiyo. Simlaumu, na huenda ana bidii, lakini bidhaa anayoiuza si ile unayoihitaji. Mwaka wa kwanza wa karakana yangu nilimlipa mtu achapishe kila siku picha za mizani katika Facebook, zikiwa na neno ofa kwa herufi kubwa nyekundu, na baada ya miezi minne ukurasa ulikuwa na wafuasi zaidi ya elfu tatu. Simu zilikuja kwa wingi. Waliopiga walitaka mizani ya jikoni ya kupimia unga wa keki, au mizani ya kujipimia uzito wa mwili, na wengine walitaka kujua kama tunauza kwa kulipa polepole. Mimi, kama ujuavyo, hutengeneza mizani ya majukwaa ya magodauni na ile ya kupimia malori, na katika miezi hiyo minne sikupata hata LPO moja, yaani hati rasmi ya kampuni ya kuagiza bidhaa. Pesa nilizotoa zingeninunulia seti nzima ya mawe ya mizani.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kiwanda hununua kama anavyonunua mtu anayepita dukani. Mtu wa godauni ndiye anayeona makatoni yakibonyea. Afisa wa ununuzi ndiye anayeomba kotesheni, yaani bei kwa maandishi, kutoka kwa wauzaji watatu. Mhasibu ndiye anayeuliza kuhusu ankara na siku za malipo. Mkurugenzi ndiye anayetia saini. Hakuna hata mmoja kati yao anayenunua kwa kuwa picha imempendeza. Yule afisa wa ununuzi ana hofu ya haki kabisa: akikuchagua wewe na makatoni yakapasuka yakiwa yamebeba maua katika uwanja wa ndege, ni yeye atakayeitwa ofisini kujieleza. Kazi yako mitandaoni ni kuipunguza hofu hiyo kidogo kidogo, muda mrefu kabla hajawa na haja nawe, ili siku msambazaji wake atakapomwangusha, jina lako liwe tayari kichwani mwake. Watu wanaoweza kukupa oda za kukutosha mwaka mzima hawajazi ukumbi mmoja wa kanisa. Waandikie hao.

Wengi wao utawapata LinkedIn, mtandao uliofunguliwa mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016. Nguvu yake kwetu sisi ni kwamba humo kila mtu hutaja cheo chake na mahali anapofanya kazi, kwa hiyo unaweza kutafuta maafisa wa ununuzi wa mashamba ya maua ya Naivasha, au mameneja wa maghala ya kufungashia maparachichi, ukawapata kwa majina. Jiandikishe kwa jina lako mwenyewe kwanza, na ukurasa wa kampuni uje baadaye, maana watu humsikiliza mtu kabla ya kuisikiliza nembo. Mtu akikubali ombi lako la kujuana, usimtumie orodha ya bei siku hiyo hiyo. Mimi hutumiwa orodha kama hizo kila wiki, na sijawahi kufungua hata moja hadi mwisho.

Sasa la kuandika ni lipi? Hapa ndipo penye utajiri wote. Baada ya kuiacha ile njia ya ofa, niliketi usiku mmoja nikaandika kwa nini mzigo ule ule huonyesha uzito mmoja ukiwekwa katikati ya mizani ya jukwaa na uzito mwingine ukiwekwa pembeni. Nilieleza kwamba jukwaa hubebwa na vipimaji vinne, kimoja katika kila pembe, na kwamba kimoja kikiingiwa na unyevu au kikizidiwa na mzigo hudanganya peke yake huku vingine vikisema kweli. Nilieleza jinsi mwenye godauni anavyoweza kujipimia mwenyewe, kwa kuliweka jiwe lile lile katika kila pembe kwa zamu na kuandika namba. Kisha nikafanya hesabu: upotevu wa gramu 200 katika kila gunia, kwa magunia 200 kwa siku, ni kilo 40, na kwa siku 300 za kazi ni tani 12. Andiko hilo lilipendwa na watu tisa. Miezi mitano baadaye nilipigiwa simu na meneja wa uzalishaji wa kiwanda cha unga, akaniambia kwamba alilisoma, akalichapisha kwa karatasi, akawapa watu wake wazipime pembe nne, na pembe moja ikakutwa ina kasoro. Hakuwa amebonyeza kitu wala kuandika neno lolote. Mpaka leo karakana yangu huhudumia mizani yao yote.

Wewe unayajua makatoni kama mimi ninavyoijua mizani. Unajua kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya katoni iko katika pembe zake, na kwamba vijana wa godauni wakiyapanga yakapishana badala ya pembe kukaa juu ya pembe, safu ya chini hubonyea hata kama karatasi ni nzuri. Unajua kwamba katoni iliyopimwa kavu hulegea ikikaa siku kadhaa katika chumba cha baridi, kwa sababu karatasi hunywa unyevu. Unajua ni lini plai tatu, yaani tabaka tatu za karatasi, zinatosha na ni lini mteja anapaswa kulipia plai tano. Unajua kwamba katoni ya maparachichi ya kilo nne inayokwenda ng'ambo ina shida zake, na ile ya mikate inayozunguka Nairobi kwa pikipiki ina shida nyingine kabisa. Andika jambo moja kwa wakati mmoja, kwa lugha ambayo mtu wa godauni ataielewa, pamoja na picha uliyoipiga mwenyewe ya katoni iliyobonyea na iliyosimama. Usiogope kumfundisha mteja hata jambo litakalompunguzia ununuzi. Ukimweleza kwamba kwa bidhaa yake plai tatu zinamtosha, atakuamini siku utakapomwambia kwamba hazitoshi.

Wengine watakwambia kwamba unawapa washindani siri zako. Washindani wako wanayajua hayo yote. Asiyeyajua ni mnunuzi.

Mwambie Baba Neema kwamba methali yake naiheshimu, lakini kizuri hujiuza sokoni, mahali mnunuzi anapokiona na kukishika. Godauni lako liko nyuma ya geti la chuma, mbali na barabara, na afisa wa ununuzi wa Thika hatapita hapo kwa bahati. Kumweleza mtu unachokijua ni kumfungulia geti aingie aone, na hilo si kujitembeza hata kidogo.

Kuhusu WhatsApp, hapa Nairobi ndipo biashara nyingi hufungwa, na hata mazungumzo yaliyoanzia LinkedIn huhamia huko baada ya siku mbili. Weka programu ya WhatsApp Business katika simu ya kazi, si simu yako ya nyumbani, na ujaze katalogi kwa vipimo halisi: urefu, upana, kimo, idadi ya plai, na oda ya chini unayoikubali. Fahamu pia jinsi orodha ya matangazo, ile ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja kwa pamoja, inavyofanya kazi. Orodha moja huchukua watu wasiozidi 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi nambari yako katika simu yake; asiyeihifadhi hapati kitu, nawe utadhani amekupuuza. Kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi nambari siku unapompelekea sampuli, ukiwa mbele yake. Wala usinunue orodha za nambari kutoka kwa wale wanaoziuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu zisitumiwe kibiashara bila ridhaa yake, na zaidi ya sheria, afisa wa ununuzi anayeamshwa na tangazo la mtu asiyemjua hukumbuka jina hilo kwa ubaya.

TikTok na YouTube ziache kwanza, isipokuwa ukipata nafasi ya kurekodi mashine ikifanya kazi, kwa kuwa mnunuzi aliye mbali hupenda kuona kwamba kiwanda kipo kweli.

Kuna kosa jingine nililolifanya ambalo bado linaniuma. Niliitengeneza mizani ya mteja mmoja, nikapendezwa na kazi ile, nikapiga picha na kuiweka mtandaoni jioni ile ile. Nyuma ya mizani kulikuwa na ubao wenye idadi ya mizigo waliyotoa siku hiyo na majina ya wanunuzi wao. Mshindani wao aliiona. Niliiondoa picha asubuhi, nikaenda mwenyewe kuomba radhi, nao wakanisikiliza kwa heshima, ila hawakuniita tena. Tangu hapo hatupigi picha katika eneo la mteja bila idhini ya maandishi, na kabla picha haijatoka humtumia mteja kwanza aione. Katoni huchapishwa jina la mwenye bidhaa, kwa hiyo hatari yako ni kubwa kuliko yangu: katoni mpya ya mteja ikionekana kwako kabla hajaizindua sokoni, umemwibia siku yake.

Katika ukurasa wako andika waziwazi yale ambayo mhasibu angeyauliza: mahali karakana ilipo, muda wa kutengeneza oda, na kwamba unatoa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Hili la mwisho si dogo, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi, na nimeona wasambazaji wazuri wakiachwa kwa sababu hiyo peke yake.

Jiandae kwa polepole yake. Mashamba ya maua hushughulikia makatoni ya Februari, msimu wa Valentine, mapema kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo mazungumzo ya unyevu na chumba cha baridi yaanzishe Septemba au Oktoba. Maparachichi ya aina ya Hass huanza kuvunwa kwa wingi karibu na Machi, nao wafungashaji hutafuta makatoni mapema zaidi. Andika mara moja au mbili kwa wiki bila kukosa, na ujibu kila swali siku hiyo hiyo, hata la mwanafunzi. Usihesabu wafuasi. Weka daftari pale mezani, na kila anayeomba kotesheni aulizwe alikujuaje, jibu liandikwe kwa maneno yake. Mimi huona daftari hilo likisema mambo ambayo takwimu za mitandao hazisemi, kwa mfano kwamba mtu alielekezwa na dereva wake aliyeletewa andiko langu katika kundi la WhatsApp la madereva wa malori.

Jambo moja la tahadhari, na tafadhali ulichukulie kwa uzito. Ukianza kujulikana, wataanza kukujia pia walaghai wenye LPO bandia, ambao huagiza bidhaa nyingi kwa haraka kwa jina la taasisi kubwa na kutaka ziletwe mahali pasipo ofisi. Usipige nambari iliyoandikwa kwenye LPO hiyo. Tafuta mwenyewe nambari ya ofisi yao na uulize kitengo cha ununuzi. Kampuni usiyoijua iombe CR12, ile hati ya msajili wa kampuni, ili uwajue wakurugenzi wake, na oda ya kwanza ilipiwe nusu kabla ya kukata karatasi. Mteja halali haudhiki na hilo.

Jumamosi ijayo alasiri nitakuja kwako nikiwa na daftari langu la miaka mitatu, ulione mwenyewe. Kabla ya hapo andika maandiko matatu ya kwanza unitumie, hata yakiwa na makosa. Nami ningependa la kwanza liwe lile la pembe za katoni. Na kwa kuwa nimelitaja: nasafirisha viashirio vya mizani, vile visanduku vinavyoonyesha namba za uzito, kwenda Kisumu na Eldoret kila mwezi, na makatoni ninayoyatumia sasa hufika yamepasuka. Kila kiashirio kina uzito wa kilo tatu na huwekwa sita katika katoni moja. Niandikie kotesheni ya makatoni mia mbili, na uniambie kwa ukweli kama ninahitaji plai tano.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Imani